Kitabu cha Kuingia Nacho Bujumbura

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Mitaji ya maelfu ya wafanyabiashara iligeuka majivu siku hiyohiyo, na kila kitabu cha watalii kilichokuwa kimemwelekeza mgeni aanzie matembezi yake sokoni hapo kikapitwa na wakati kabla ya jioni.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Mei 2015 lilitokea jaribio la mapinduzi, wageni wakaondoka, hoteli zikabaki tupu, na balozi nyingi zikawaonya raia wao wasiende Burundi. Januari 2019 sheria iliifanya Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ikabaki na biashara. Mwaka huohuo uwanja wa ndege wa Bujumbura, wenye mapaa ya kuba yanayotambulika tangu angani, ulipewa jina la Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa na kuuawa mwaka 1993. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Mwaka 2023 Benki Kuu iliondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, wananchi wakapewa siku chache tu za kuzirudisha. Januari 2024 mpaka wa Rwanda ulifungwa tena. Mwaka 2025 mikoa 18 ikaunganishwa kuwa 5.

Ziwa nalo halikutulia. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia Gatumba na mitaa iliyo karibu na ufuko. Baa na hoteli za ufukweni, zile hasa ambazo vitabu huzisifia kwa machweo yake, zilijikuta ndani ya maji.

Katika jiji la namna hii, mtu ana haki ya kuuliza: kuna faida gani kununua kitabu cha karatasi? Simu inaonyesha ramani, bei na picha za jana. Ni swali la haki, na wachapishaji wakubwa wa dunia wamekuwa wakiulizwa swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 15, wengine wakilijibu kwa hasara ya mamilioni ya dola.

Biashara iliyotikisika

Kitabu cha mwongozo kama tunavyokijua leo kilizaliwa Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1836 John Murray wa London alitoa mwongozo wake wa kwanza wa nchi za bara la Ulaya, na miaka hiyohiyo Karl Baedeker alikuwa akijenga jina lake Ujerumani. Baedeker alieneza utaratibu wa kuweka nyota mbele ya vitu vinavyostahili kuonwa, na vitabu vyake vikawa na sifa ya kuaminika hadi kwenye idadi ya ngazi za mnara. Msomaji wao alijulikana: mtu wa tabaka la kati mwenye likizo na akiba benki, anayetaka kusafiri bila kupunjwa na madalali.

Wimbi la pili lilikuja na vijana wenye fedha kidogo. Mwaka 1957 Arthur Frommer, Mmarekani, aliwaonyesha wenzake namna ya kuzunguka Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Mwaka 1973 Tony na Maureen Wheeler walitoa kijitabu cha kuvuka Asia kwa gharama nafuu, na Lonely Planet ikaanzia hapo. Mwaka uliofuata Hilary Bradt naye alianza na kitabu cha kutembea kwa miguu huko Peru na Bolivia. Kampuni ya Bradt baadaye ilijikita katika nchi ambazo wengine walizikwepa, zikiwemo Uganda, Tanzania na Rwanda, na kwa wasafiri wengi wa ukanda wetu jina la Philip Briggs limeambatana na vitabu hivyo tangu miaka ya 1990.

Halafu ikaja intaneti. BBC ilinunua Lonely Planet kwa awamu, mwaka 2007 na 2011, kwa takriban pauni milioni 130. Mwaka 2013 iliiuza kwa pauni milioni 51 na ushei. Google ilinunua Frommer's mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikamrudishia mwanzilishi wake, mzee Frommer, ambaye wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 80. Aliendelea na vitabu vya karatasi hadi alipofariki mwaka 2024. Janga la korona lilipofunga mipaka mwaka 2020, Lonely Planet ilifunga karibu kabisa ofisi zake za Melbourne na London.

Vitabu havikufa. Vilibadilika sura. Orodha ndefu za hoteli na namba za simu zimepunguzwa, maana hizo ndizo zinazochakaa haraka na ndizo ambazo simu hufanya vizuri zaidi. Mahali pake zimeingia picha kubwa, njia zilizopangwa kwa siku, makala za historia na mapendekezo machache yaliyochujwa. Wengine huweka taarifa mpya mtandaoni ili mwenye kitabu asisubiri toleo jingine. Kwa mji mkubwa wa Ulaya mabadiliko haya ni nafuu. Kwa Burundi yamekuwa na gharama: nchi ambayo tangu zamani mara nyingi ilipewa sura moja fupi ndani ya kitabu cha Afrika Mashariki nzima, sasa inagombea nafasi katika kitabu chembamba zaidi. Kampuni ya Kifaransa ya Petit Futé imewahi kuipa Burundi kitabu chake chenyewe, lakini hilo ni jambo la nadra.

Kimeandikwa kwa ajili ya nani?

Kabla ya kuuliza kama kitabu ni kipya, msomaji wa Afrika Mashariki auelekeze wasiwasi wake kwenye jambo jingine: mwandishi alikuwa akizungumza na nani?

Mfano wa wazi ni mwongozo mnene uliotolewa Brussels na ofisi ya utalii ya Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi. Toleo la Kifaransa lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1940, la Kiingereza mwaka 1951. Ni kazi kubwa kwa wakati wake, yenye mamia ya kurasa. Ndani yake Bujumbura ni Usumbura, Gitega ni Kitega, Huye ya Rwanda ni Astrida, Kalemie ni Albertville na Kisangani ni Stanleyville. Serikali ya kikoloni ilimwandikia msafiri kutoka Ulaya au Marekani. Mrundi aliyekuwa akilima kahawa kando ya barabara hakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji. Leo kitabu hicho ni hazina kwa mwanahistoria, kwa sababu kinaonyesha jinsi mtawala alivyotaka nchi ionekane.

Watu wa pwani nao walikuwa wamekwisha kuandika. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wa masimulizi ya safari ya Waswahili, na mmoja wa wasimulizi, Sleman bin Mwenye Chande, anaeleza safari yake ya bara hadi Tanganyika. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kuandika safari kwa Kiswahili ni jambo geni. Kilichokosekana ni mfululizo: kitabu kimoja kuzaa kingine, kila kizazi kusahihisha cha kabla yake.

Matokeo yake yanaonekana mpakani. Siku yoyote ya wiki watu huvuka Kobero wakitoka Ngara, au Mugina wakitoka Manyovu na Kigoma, au Gatumba wakitoka Uvira pale hali ya usalama inaporuhusu. Wanakwenda Bujumbura kwa biashara, harusi, matibabu, masomo, msiba. Hawahitaji kufundishwa namna ya kutumia chandarua wala maana ya ugali. Wanahitaji kujua karatasi gani itaulizwa, basi gani linaaminika, mtaa gani una gesti safi ya bei ya wastani, na noti zipi zinapokelewa. Vitabu vingi vilivyopo havikuwafikiria hata kidogo.

Chukua suala la viza. Tangu mwaka 2014 kuna viza ya pamoja ya utalii inayomruhusu mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, lakini haimo katika viza hiyo. Mwandishi anayetaja viza ya Afrika Mashariki na kuishia hapo atampeleka mgeni wake mpakani akiwa na karatasi isiyofaa. Mtanzania au Mkenya ana utaratibu wake mwingine kabisa, na mara nyingi hataukuta umeandikwa popote.

Ukurasa ambao wengi huuruka

Ukaguzi wa kitabu huanzia nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye herufi ndogo za hakimiliki. Hapo pana mwaka wa toleo, idadi ya matoleo yaliyotangulia na, kwa mchapishaji mwaminifu, majina ya waliofanya utafiti. Toleo jipya na chapa mpya ni vitu viwili tofauti: chapa mpya inaweza kuwa maneno yaleyale ya miaka sita iliyopita ndani ya jalada linalong'aa. Na hata toleo jipya hubeba habari za zamani kidogo, kwa sababu kazi ya kuzunguka na kuuliza hufanyika miezi mingi kabla kitabu hakijafika dukani.

Baada ya mwaka, jina. Mwandishi ni nani, ameishi wapi, ameandika nini kingine? Mwaka 2008 Thomas Kohnstamm, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa Lonely Planet, alizua kelele duniani alipoeleza kwamba alichangia kitabu cha Colombia bila kufika nchini humo. Kampuni ilijibu kwamba sehemu aliyopewa ilikuwa ya historia na mambo ya jumla. Hata hivyo wasomaji walipata fundisho: si kila jina kwenye jalada limekanyaga kila barabara iliyomo ndani.

Tangu 2023 hatari imekuwa kubwa zaidi. Mwaka huo gazeti la New York Times lilichunguza miongozo ya safari iliyojaa kwenye duka la Amazon, yenye waandishi wasiojulikana popote, sifa za kubuni na maneno yaliyoonekana kutungwa na kompyuta. Muda mfupi baadaye Amazon iliweka kikomo cha vitabu 3 kwa siku kwa mtu anayejichapishia, idadi inayoonyesha jinsi vitabu hivyo vilivyokuwa vikimiminika. Nchi zenye habari chache mtandaoni, kama Burundi, ndizo rahisi kuzushiwa, kwa kuwa wasomaji wanaoweza kugundua uongo ni wachache.

Mtihani wa jiwe la Mugere

Njia bora ya kupima kitabu ni kufungua ukurasa wa mahali unapopajua. Kwa Bujumbura, mahali pa kuanzia ni jiwe la Mugere.

Barabara ya kuelekea Rumonge inatoka jijini kwenda kusini, ziwa likiwa kulia na milima kushoto. Baada ya kilomita kumi na ushei unapandishwa kushoto hadi kwenye mwamba mkubwa uliochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Si kweli. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania, siku kadhaa kabla. Mugere walipumzika usiku mbili wakiwa katika safari ya kuizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa.

Kitabu kinachorudia hadithi ya kukutana Mugere kimeanguka mtihani wa kwanza. Kinachosema Ujiji kimefaulu. Kitabu kizuri kitaendelea na kueleza walichokuwa wakikitafuta: walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia, na tumaini kwamba Tanganyika ndilo chanzo cha Nile likafa hapo. Mgeni aliyesoma hivyo atasimama Rusizi, kwenye hifadhi iliyo jirani na jiji, akiuangalia mto kwa macho tofauti. Atakapofika Rutovu, kwenye piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 juu ya chemchemi ya Nile ya kusini kabisa, ataunganisha mambo mwenyewe.

Mtihani wa pili ni ngoma. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Kitabu chochote kitakuwa na picha yake. Swali ni kama kinaeleza Gishora, karibu na Gitega, mahali ambapo ngoma hizo zina historia ndefu ya kifalme, na kama kinajua agizo la Oktoba 2017 lililowazuia wanawake kuzipiga na kuweka masharti na malipo kwa maonyesho. Mwenye kutaka kualika wapiga ngoma kwenye sherehe anahitaji habari hiyo kuliko anavyohitaji picha.

Mtihani wa tatu ni mitaa. Miongozo mingi ya kigeni huishia Rohero, Kiriri na ufukweni. Lakini Bujumbura haieleweki bila Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wenye misikiti yake, mafundi wa magari na Kiswahili kinachosikika barazani tangu zama za ukoloni. Haieleweki bila Bwiza na usiku wake, wala bila Kamenge na Nyakabiga na kumbukumbu nzito za miaka ya vita. Hesabu kurasa: kama hoteli tatu za kifahari zimepewa nafasi kuliko mitaa yote hiyo, kitabu kimekwisha kusema ni cha nani.

Kinachodumu na kinachooza

Mambo ndani ya mwongozo hayazeeki kwa kasi moja. Bei huoza kwanza. Kwa Burundi huoza maradufu, kwa sababu katika miaka ya karibuni dola mtaani imeuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha benki. Bei iliyoandikwa kwa faranga mwaka 2019 haimsaidii mtu leo. Usafiri hufuata. Mafuta yamekuwa adimu nchini kwa vipindi virefu, na ratiba ya basi iliyochapishwa haina maana siku ambayo foleni ya kituo cha mafuta inazunguka mtaa. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na bado kipenzi cha waandishi wa safari, imekaa miaka kadhaa bila kubeba abiria; kitabu kinachompangia mtu safari ya ziwa juu yake kinampotezea muda.

Majina ya kiutawala nayo yamezeeka. Rutovu ilikuwa katika mkoa wa Bururi. Tangu 2025 Bururi imeingizwa katika mkoa wa Burunga pamoja na Makamba, Rumonge na Rutana. Dereva bado atakuelewa ukisema Bururi, lakini fomu za ofisini zitadai jina jipya.

Mengine hayaozi. Ziwa litabaki na kina kinachokaribia mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Viboko wataendelea kutoka majini jioni kuja kula majani, hata karibu na barabara za jiji, na mgeni atapaswa kuambiwa asitembee ufukweni gizani. Samaki wa ziwani, mukeke na ndagala, wataendelea kuwa kitoweo cha kwanza. Hadithi ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa mgahawani kando ya ziwa, miezi michache kabla ya uhuru, itaendelea kuelezea kwa nini kaburi lake linatazama jiji kutoka mlimani.

Hapa ndipo karatasi inapoishinda simu. Taarifa za kuoza zitafutwe mtandaoni, au bora zaidi kwa kumpigia simu mtu aliyeko Bujumbura asubuhi hiyo. Taarifa za kudumu, zilizopangwa na mtu mmoja mwenye kuzielewa, zisomwe kitabuni kabla ya safari na tena njiani, hata umeme ukikatika na bando likiisha. Ramani ya simu ipakuliwe mapema. Ya kitabu iangaliwe kama ina kipimo, vilima na majina ya mitaa, maana jiji hili limejengwa kwenye mteremko na kilomita moja ya kupanda Kiriri si sawa na kilomita moja ya tambarare ya Buyenzi.

Kwa mnunuzi na kwa mchapishaji

Anayenunua leo kwa ajili ya Burundi afanye hivi. Achague toleo lililotafitiwa baada ya 2019, na kama hakuna, achukue la zamani kwa sehemu ya historia na jiografia tu. Asome jina la mwandishi na alitafute. Apime Mugere, ngoma na mitaa. Atazame kama kitabu kinazungumzia usalama kwa utulivu, kikitaja njia na nyakati, badala ya kumtisha msomaji au kumfunika macho. Akiona kitabu cha mtandaoni chenye sifa nyingi na mwandishi asiye na maisha, aache.

Lakini mnunuzi hawezi kuchagua kisichokuwepo. Mwongozo wa Bujumbura kwa Kiswahili, uliotafitiwa na watu wa Buyenzi, Kigoma na Uvira kwa ajili ya wasafiri wa ukanda huu, unawezekana. Kiswahili kinafundishwa katika shule za Burundi. Waandishi wa habari, walimu na waongoza watalii wanaoujua mji kwa jina la kila kona wapo. Wachapishaji wapo Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura kwenyewe. Kitabu chenyewe kinaweza kuwa chembamba, kurasa mia moja, bei ya mwanafunzi, kinachohuishwa kila baada ya miaka miwili huku bei na nauli zikiachiwa simu. Wachapishaji wa Afrika Mashariki wakichukue kama kazi ya kibiashara, si msaada. Abiria wa mabasi ya Kobero na Mugina ni soko tosha, na bado hakuna aliyewaandikia.